Sura ya Tano: Gari Linaloonwa Kutoka Choma

Kabla mtumba haujawa shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya, ulikuwa mzigo wa mpagazi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, nchi ya Tabora, ilibeba majora ya merikani na kaniki yaliyokunjwa, yakapigwa na kukazwa mpaka yakawa magumu kama gogo, kisha yakafungwa kwa kamba ya makumbi. Mzigo mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mtumba ulifungwa pwani ukafunguliwa Tabora, au mbele zaidi, baada ya miezi ya kutembea, na aliyeufunga hakuwapo ulipofunguliwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kaze, ndiyo Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, aliandika kwamba shanga peke yake zilikuwa za aina zipatazo 400, na kila nchi ilikuwa na yake inayoipenda. Rangi iliyokuwa fedha mahali pamoja ilikuwa kokoto mahali pengine. Tajiri aliyebaki pwani hakuweza kusimama mbele ya mteja akajieleza. Alichokuwa nacho mbele ya watu wa bara ni kile kilichoonekana kamba ilipokatwa.

Pwani ileile leo inapokea mtumba wa magurudumu manne. Lami ya Dodoma, Singida, Igunga na Nzega haipiti palepale nyayo za wapagazi zilipopita, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ndiyo iliyozifuata kwa karibu zaidi, lakini uelekeo haujabadilika: mali inashuka melini Dar es Salaam, mnunuzi yuko bara. Choma, au Choma cha Nkola kama inavyoandikwa kwenye karatasi za serikali, ni kata ya Wilaya ya Igunga. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, yenye udongo mweusi ambao masika hung'ang'ania tairi kama ulimbo. Mtu wa huko anayetaka Canter ya kupakia mpunga, au Probox ya kufanyia mchomoko, haanzi kwa kwenda yadi. Yadi humjia kwenye simu: picha 4 au 5 za WhatsApp, ujumbe mfupi wa sauti, na maneno "bei maelewano, bosi". Mtu huyuhuyu mnadani hanunui ndama kwa maneno. Anafunua mdomo wa ng'ombe ahesabu meno, anambonyeza nundu, anamtembeza aone kama anachechemea, anaangalia chapa ni ya nani. Kwa gari la mamilioni hapewi nafasi ya kufanya hata nusu ya hayo mpaka nauli ya basi imeshatoka mfukoni, na mara nyingi mpaka na malipo ya awali yameshatumwa.

Hoja ninayoijenga katika sura hii ni kwamba picha za gari na stika inayobandikwa kwenye kioo chake ni kauli ya yadi, na kwa hiyo ni kazi ya yadi yenyewe, ifanywe na watu wake, kwa macho yao, kwa jina lao. Ukiangalia namna biashara inavyoendeshwa sasa, mara nyingi sivyo. Picha hupigwa na kijana wa kurasa za Instagram anayepita mara moja kwa wiki, au na dalali aliyeingia getini na simu yake, au hazipigwi kabisa na zinatumika zilezile zilizopigwa Japani kabla gari halijapakiwa melini. Stika, kama ipo, ni karatasi iliyochapwa steshenari yenye jina la gari, namba ya simu na neno INAUZWA. Watetezi wengi wa kuzirudisha kazi hizi ndani ya yadi husema unaokoa fedha ya mpiga picha. Inawezekana, lakini hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote, na yadi inayoanza kwa ajili yake itaacha siku itakapopata mpiga picha wa bei chee. Sababu yenye uzito ni kwamba kulipiga gari picha vizuri ni kulikagua, na anayelikagua ndiye anayelijua. Yadi inayokodi macho inabaki inauza kitu isichokijua.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alitumia soko la magari yaliyotumika kueleza jambo ambalo kila dalali wa Kinondoni analijua bila kwenda chuo, na ambalo kwa sehemu lilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Muuzaji anaijua hali ya gari, mnunuzi haijui. Kwa kuwa mnunuzi hajui, hutoa bei ya wasiwasi kwa magari yote, mazuri na mabovu. Mwenye gari zuri akiona bei ya wasiwasi haimlipi, analiondoa sokoni, na yanayobaki ni yale ambayo wasiwasi ule ulikuwa halali yake. Tazama sasa jinsi Wajapani walivyolishughulikia tatizo hili, kwa sababu magari yetu mengi yanatoka kwao. Gari linalopita kwenye mnada wa Japani huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Ndani yake kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, na juu ya mchoro huo mkaguzi hutia herufi na tarakimu: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni alama ya mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, X ni sehemu inayotaka kubadilishwa, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. A1 mlangoni ni mkwaruzo wa kucha, A3 ni ule unaouona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kisha gari linapewa daraja, na lililopata ajali likatengenezwa hupewa R, hata kama linang'aa kuliko jirani yake mwenye 4. Mnunuzi aliye mji mwingine ananunua akiwa amekaa mbele ya kompyuta, kwa sababu karatasi ile imeona kwa niaba yake.

Gari likishapanda meli, karatasi ile kwa kawaida hubaki kwenye barua pepe ya mwagizaji. Kwa kuwa ni ya Kijapani, tena ya mwandiko wa mkono, haimsaidii mtu wa Choma hata akitumiwa. Na gari lenyewe haliko tena vile lilivyoandikwa. Limekaa bandarini, limevuka bahari kwa wiki kadhaa, limeshushwa, limeendeshwa na watu wasiolimiliki, pengine limepoteza jeki, redio au tairi la spea njiani, pengine limepitia kwa fundi bodi kabla ya kufika yadi. Kwa hiyo pengo linaanzia hapa nyumbani, kati ya geti la bandari na simu ya mteja, na hakuna wa kuliziba isipokuwa yule ambaye gari limesimama kwenye kiwanja chake. Picha za Japani ni ushahidi wa gari lilivyokuwa. Zihifadhiwe, zionyeshwe pia, lakini zisipewe kazi ya kusema gari likoje leo.

Ninaposema kupiga picha ni kukagua, naomba msomaji asogee karibu na gari moja, tuseme Canter nyeupe, asubuhi. Mpiga picha anayetafuta uzuri atalisogeza kivulini, au atasubiri wingu, au ataligeuza jua lilipige usoni moja kwa moja, kwa maana mwanga wa usawa huo unalainisha bodi. Mkaguzi anafanya kinyume. Anataka jua la saa moja na nusu lipite ubavuni, likilamba mlango kwa kimshazari, kwa sababu mwanga huo ndio unaotoa mawimbi ya puti. Mlango ulionyooshwa na kupakwa rangi upya, ukiutazama saa sita mchana, hauna neno. Jua liko utosini na kivuli chote kimejificha chini ya gari. Saa moja na nusu unacheza kama maji ya jarubani. Ni mlango mmoja na kamera moja, ila katikati ya saa hizi mbili kuna tofauti ya milioni. Aliyelipwa ili gari lipendeze hana sababu ya kuamka mapema kwa ajili ya wimbi la puti. Atakayeulizwa na mteja wa Choma miezi mitatu baadaye kwa nini rangi inapasuka ndiye mwenye sababu.

Fuata sasa tairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu 4 za mwisho: 2219 maana yake lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Picha ya tarakimu hizo inamwambia mnunuzi zaidi ya picha 10 za rimu zilizosuguliwa, na anayepiga picha ile hawezi kuipiga bila kupiga goti na kuona kama kashata ya tairi imeliwa upande mmoja. Fuata vioo. Kila kioo kina chapa ya kiwandani kwenye pembe. Kimoja kikiwa na chapa tofauti na wenzake, kimebadilishwa, na mtu anapaswa kuuliza kwa nini. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho: mstari wa tope mahali ambapo mkono haufiki wakati wa kuosha unasema gari liliwahi kuingia maji. Ingia chini utafute kutu, hasa kama gari lilitumika kaskazini mwa Japani ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Kisha dashibodi, na hapa picha ni mbili. Ya kwanza, swichi imefunguliwa na stata haijapigwa, taa zote za tahadhari zikiwaka. Ya pili, injini ikiunguruma, zikiwa zimezima. Picha ya pili peke yake haina maana, kwa kuwa taa ya injini iliyong'olewa nayo haiwaki. Mtu aliyezoea anamaliza yote haya ndani ya nusu saa, na nusu saa hiyo anakuwa amejua mambo ambayo meneja aliyeketi ofisini hajui. Ndiyo maana nasema kazi hii ikitolewa nje, kinachopotea ni ujuzi: picha zinarudi zikiwa nzuri, lakini yule aliyepiga goti ameondoka na alichokiona.

Stika ya kioo ina historia yake hapa kwetu, na historia hiyo imetuharibia kidogo. Kwa miaka mingi kioo cha mbele cha Mtanzania kilikuwa ubao wa risiti za serikali na bima: leseni ya mwaka ya gari, bima, Zimamoto, na ile ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Leseni ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta, kwa shilingi 40 za ziada. Bima nayo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Kwa hiyo karatasi kwenye kioo, kwa mawazo yetu, ni kitu cha kumwonyesha trafiki. Haijawahi kuwa kitu cha kumwonyesha mnunuzi. Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1958 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoletwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ikilazimisha kila gari jipya libandikwe kiwandani karatasi yenye bei na vifaa vyake, na kumkataza muuzaji kuibandua kabla gari halijafika kwa mnunuzi. Watu huiita karatasi ile kwa jina la seneta mpaka leo. Haikuhusu magari yaliyotumika; hayo yalisubiri mpaka 1985, kanuni ya tume yao ya biashara ilipoanza kutumika, ikamtaka muuzaji aandike kwenye kioo kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo. Angalia nani ameshika kalamu katika hali zote mbili. Karatasi ya kwanza inaandikwa na aliyelitengeneza gari, ya pili na anayeliuza. Sheria haikutaka mpita njia aandike, kwa sababu ilihitaji mtu wa kumshika shati.

Kwetu hakuna kanuni ya stika ya namna hiyo, lakini asidhani mtu kwamba maneno na picha ni vya bure. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Gari lililouzwa kwa mtu aliyeko Igunga kwa picha na ujumbe ni gari lililouzwa kwa maelezo, tena karibu maelezo matupu. Yadi haitaweza kusimama ikasema kilomita ziliandikwa na kijana wa mtandao. Kama jukumu litarudi mlangoni kwake, ni busara gani kuiachia kalamu mikono mingine?

Stika yenyewe haina uchawi. Iseme mwaka wa kutengenezwa na, kando yake, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani, kwa sababu hii ni miaka miwili tofauti na soko letu linaichanganya, wakati mwingine kwa makusudi. Umri wa gari ndio unaobadilisha ushuru, na mnunuzi anastahili kujua umri upi anauziwa. Iseme ukubwa wa injini, mafuta, kilomita zilizosomwa tarehe fulani, na namba ya chesesi. Iseme bei kwa shilingi na bei hiyo imebeba nini: ushuru umelipwa au bado, usajili umo au haumo, bima ni ya nani. Halafu, sehemu ambayo yadi nyingi zitaikwepa, iseme kasoro: mlango wa kushoto umerudiwa rangi, kiyoyozi kinapoza polepole, tairi la spea halipo. Mwisho tarehe, na jina la aliyekagua. Ichapwe kwa printa ya tona, maana wino wa kawaida chini ya jua letu hufifia upesi, na karatasi iliyofifia inaonekana kama gari limekataliwa na wengi. Ibandikwe kwa ndani, upande wa abiria, chini.

Faida kubwa inatokea picha na stika zikikutana. Picha ya kwanza ya gari ipigwe stika ikiwa kwenye kioo, inasomeka. Hapo ndipo kila kimoja kinamshuhudia mwenzake: karatasi inasema picha hii ni ya lini na ya gari lipi, picha inasema karatasi hii iko juu ya gari la kweli lililosimama kwenye ukuta wa yadi fulani. Anayejua soko letu la mtandaoni anajua kwa nini jambo hili lina thamani. Gari moja huonekana kwenye kurasa 6 kwa bei 6, kila dalali ameongeza cha juu chake. Picha zilizoibwa hutumiwa na matapeli wanaoomba malipo ya awali kwa gari ambalo hawajawahi kuligusa, na mtu wa mbali ndiye mawindo rahisi zaidi. Picha yenye bei, tarehe na tarakimu za chesesi ndani yake haiibiki kirahisi. Inaweza kufutwafutwa, ndiyo, lakini mteja akishazoea kuona karatasi kwenye kioo, atauliza kwa nini hapa pana ukungu. (Picha hizohizo zisibebe sura za watoto waliokuwa wakipita, wala kadi ya gari yenye jina la mwenye gari wa awali; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo nalo si jambo la kupuuza.)

Madalali watakasirika, na hili ni pingamizi la kweli kwa sababu madalali ndio wanaoleta nusu ya wateja, pengine zaidi. Sidhani jibu ni kuwafukuza. Dalali wa Nzega au Igunga anayemjua mnunuzi, anayejua kama fedha yake inatoka kwenye mavuno au kwenye mkopo, anafanya kazi halali, na kazi halali ina ujira. Yadi imwandikie kamisheni yake wazi, kiasi fulani kwa kila gari, bei ya kioo ikiwa ileile kwa wote. Atakayesusa kwa hilo alikuwa anaishi kwa kutojua kwa mteja, na mteja wa namna hiyo hununua mara moja tu. Kuhusu wanaosema bei iliyoandikwa inaua maelewano, hilo sioni kama lina nguvu. Bei ya kioo ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Mtu wa Choma bado atapiga simu, ataomba apunguziwe, atakumbusha kwamba atagharamia mafuta ya kulifikisha nyumbani. Tofauti ni kwamba sasa anajua anapunguziwa kutoka wapi.

Wengine watasema mtaalamu hupiga picha bora. Kweli kabisa, hupiga. Ana lenzi nzuri, anajua kupanga mandhari, na kwa gari jipya la maonyesho ningemwita mimi mwenyewe. Lakini katika mauzo ya mtumba ubora wa picha ni kiasi cha mashaka inachokiondoa, na simu yoyote ya kawaida ya leo inasoma tarakimu za tairi. Tena, yadi ndogo yenye magari 12 haihitaji kuajiri mtu. Yule anayeyaosha asubuhi na kuyawasha ili betri zisife ndiye anayeyajua tayari; akifundishwa mpangilio mmoja usiobadilika wa picha, kuanzia pembe ya mbele kushoto na kuzunguka, atakuwa ameizoea kazi katika mwezi mmoja. Na aongezewe kitu kwenye mshahara.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni hili. Kama muuzaji ndiye anayekagua, anayepiga picha na anayeandika kasoro, nani atamzuia asidanganye? Hata ushahidi wangu wa Japani unaweza kunigeuka: karatasi ile inaaminika kwa sababu mkaguzi ni wa nyumba ya mnada na siye mwenye gari. Nalikubali hilo kwa sehemu. Nyumba ya mnada inakagua kwa watu wake na kwa jina lake, kwa sababu mnunuzi akidanganyika ni jina lake litakalochafuka. Na yadi, kwa mteja wa bara, iko katika nafasi hiyohiyo, kwa kuwa mwenye gari wa awali hamjui na hatamjua. Lakini yadi ina faida kwenye bei ya gari moja moja kuliko nyumba ya mnada, na kishawishi chake ni kikubwa zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa yadi usidai kuwa wa mwisho. Hapa mkulima wa pamba wa Igunga ana la kufundisha. Anachambua mavuno yake nyumbani, pamba safi huku, pamba fifi kule, wala hakuna anayeona ajabu kwamba mwenye mali ndiye anayeipanga madaraja. Lakini kituoni karani hutia mkono ndani ya gunia. Mpango wa mkulima hauondoi mkono wa karani; unaufanya uwe na kitu cha kulinganisha, na aliyefukia fifi chini ya safi anajulikana kituo kizima kabla ya jioni. Stika iliyoandikwa kasoro inafanya kazi hiyohiyo. Fundi ambaye mteja atamtuma yadini anaingia na picha mkononi na orodha ya kupinga. Akikuta kasoro ambayo karatasi haikuitaja, amepata jibu kuhusu gari, na pia kuhusu magari mengine yote ya kiwanja kile. Bila karatasi, hakuna aliyedanganya, kwa sababu hakuna aliyesema kitu, na ukimya huo ndio uliowatajirisha wengi.

Je, kuandika kasoro hakufukuzi wateja? Kunafukuza baadhi, na wengi wao ni wale ambao wangefika, wakaona, wakaondoka, au wangenunua, wakarudi na ugomvi. Mteja aliye umbali wa siku nzima ya basi hapimi kama mteja wa jirani. Wa jirani anaogopa kasoro. Wa mbali anaogopa zaidi kutojua, kwa sababu nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, malazi, na siku za mavuno zilizopotea ni gharama anayoilipa hata asiponunua. Ukimwambia kwamba mlango umerudiwa rangi, atakata kidogo kwenye bei. Usipomwambia chochote, atakata kwa ajili ya kila kitu anachokiwazia, na mawazo ya mtu aliyekwisha kusikia habari za kurudisha kilomita hayana mpaka. Hapo ndipo mwenye gari zuri anapopata hasara ambayo Akerlof aliielezea, naye akalaumu hali ya soko.

Kwa mwenye yadi anayesoma haya, iwe ni Dar es Salaam, Mwanza au palepale Tabora mjini: kesho asubuhi kabla ya saa mbili, chagua gari lililokaa kiwanjani kuliko yote. Toa karatasi ya INAUZWA kwenye kioo. Mwite anayeliosha, mpe simu na kalamu, anzeni na tairi la spea. Ndilo la kwanza ambalo mtu wa Choma atauliza kama lipo.